Mzamiaji wa Segerea

Fomu ilitaka maneno mia tano, yasizidi:
eleza kwa nini unaomba shahada ya uzamivu.
Nikaandika "kuboresha huduma", nikafuta.
Nikaandika "tangu utotoni", nikafuta, maana ni uongo;
utotoni nilitaka kuwa karani wa posta,
nigonge mihuri.

Umeme ukakatika nikiwa neno la mia moja na nne.
Nikaendelea kwa simu, tochi mdomoni,
kama tunavyotafuta mshipa wa mtoto
jenereta likigoma.

Wadhamini walitakiwa wawili.
Metroni Kokuberwa alinisainia palepale wodini,
juu ya boksi la glavu.
Yule wa chuo alijibu baada ya wiki tano:
Skola, bado upo?
Nipo, mwalimu. Nina miaka arobaini na tisa,
magoti yanayotabiri mvua,
na bando la wiki.

Saccos wakataka dhamana ya ada.
Nikaandikisha friji.

Mama Zulfa wa dukani akauliza:
Ukimaliza utaitwa daktari?
Nitaitwa.
Utaandika dawa?
Hapana.
Akanirudishia chenji kimya kimya,
kama unavyomrudishia mtu aliyetapeliwa kiwanja.

Kaka yangu Osmund ndiye aliyezamia kweli:
mwaka tisini na tatu, katikati ya marobota ya katani,
siku kumi na moja, chupa mbili za maji,
akaibukia Durban.
Siku hizi hunitumia sauti usiku, anacheka:
Dada, na wewe umezamia?
Nimezamia, kaka, wala sikuaga.
Meli yangu ni meza ya jikoni
yenye mguu mfupi tuliouwekea kifuniko cha soda.
Kwa mwendo huu wa nusu muda
nitatia nanga mwaka wa kustaafu kwa hiari.

Darasa huanza saa tatu usiku.
Kwao huko ni mchana, theluji dirishani.
Tuko kumi na mbili, kila mtu na kijidirisha chake,
na wiki ya kwanza tu
Gaudensi alipita nyuma yangu na msuli, akitafuta kiberiti;
tangu hapo darasa zima humsalimia.

Profesa akasema: mada unayo, Skolastika.
Swali lako ni lipi?
Mtandao ukaganda. Nikamshukuru Mungu wa mitandao.
Uliporudi, bado alikuwa ananisubiri.

Nikasema:
tunapopokezana zamu, neno gani hudondoka?

Sikumwambia kuhusu kitanda namba kumi na nne.
Ilikuwa Desemba ile ya mafuriko,
na wa asubuhi alifika amechelewa, viatu mkononi,
na mimi nikiwaza nyumba yangu na maji.
Nikamsomea daftari mbiombio:
kumi na mbili, dripu ya pili; kumi na tatu, arudiwe presha;
kumi na nne, ametulia.
Nilikuwa nimeona. Ulimi ulikuwa nalo.
Ametulia mno.
Hilo "mno" nililibeba hadi nyumbani,
nikavuka nalo maji ya magotini,
na saa nne simu ikaita.

Kurasa mia tatu, basi, na marejeo,
na kamati ya maadili, na jedwali nisizozielewa bado,
kwa ajili ya neno la herufi tatu.
Mia tano zao zisingetosha.

Asubuhi nafika wodini macho mekundu.
Nuswe wa usiku ananisomea ripoti, mkoba begani tayari.
Na huyu wa kona?
Ametulia, sista.
Ametulia vipi?
Anatazama saa ya ukutani. Anatazama mlango.
Navuta kiti, nakaa,
nafungua kalamu.